Mzee Mwinyi na dirisha la darasa

Alhamisi, 8 Mei 2025

Leo Mzee Ali Hassan Mwinyi angetimiza miaka 100. Alizaliwa tarehe kama ya leo mwaka 1925 huko Kivure, mkoani Pwani, akapelekwa Unguja angali mtoto, na akafariki dunia jijini Dar es Salaam tarehe 29 Februari 2024, siku ambayo kalenda huileta mara moja kila miaka minne, kana kwamba hata kumbukumbu ya kifo chake hakutaka itusumbue kila mwaka. Sikukusudia kuandika habari zake. Nilikuwa nimekaa barazani na kikombe changu cha chai ya tangawizi nilipoisikia kengele ya shule ikigongwa ng'ambo ya barabara, na miguu ikataka kuinuka yenyewe. Huu ni mwezi wa tano tangu nilipokabidhi ofisi ya mwalimu mkuu, lakini miguu haijapata taarifa. Redio ilipotaja kwamba leo ni miaka mia moja tangu azaliwe, nikaona kwamba swali ninalojiuliza tangu Januari yeye alikuwa amelijibu kwa muda mrefu kuliko rais yeyote wa nchi hii: mtu afanye nini na siku nzima ambayo hakuna anayesubiri neno lake?

Aliiongoza Tanzania miaka 10, kuanzia tarehe 5 Novemba 1985 hadi tarehe 23 Novemba 1995. Baada ya hapo aliishi miaka mingine 28 na ushee akiwa mstaafu. Tukizungumza habari zake tunazungumza ile kumi, na si ajabu, kwa maana sisi tuliokuwa vijana wakati ule tunaikumbuka kwa matumbo yetu. Mimi nilikuwa chuo cha ualimu alipoingia madarakani, na ninakumbuka foleni za sabuni, unga wa njano, na mwenzetu aliyekuja darasani amevaa viatu vya dada yake kwa sababu madukani hakukuwa na viatu. Kisha biashara ikafunguliwa, mitumba ikajaa magengeni, na watu wakamwita Mzee Rukhsa, wengine kwa shukrani na wengine kwa kejeli. Hayo yameandikwa sana. Ile miaka 28 haijaandikwa, kwa sababu kwa macho ya wengi hakuna kilichotokea ndani yake. Mimi leo ndiyo inayonivuta.

Kabla ya siasa Mzee Mwinyi alikuwa mwalimu. Alifundisha Mangapwani, akawa mwalimu mkuu, na baadaye akakiongoza chuo cha ualimu cha Zanzibar. Walimu tunajua jambo moja ambalo huenda wanasiasa hawalijui, nalo ni kwamba darasa ulilomwachia mwenzako si lako tena, hata kama watoto bado wanakuita kwa jina na mwandiko wako haujafutwa ubaoni. Mwalimu aliyehama anaweza kupita nje. Akianza kuchungulia dirishani, watoto wote hugeuza shingo, na yule aliye mbele na chaki mkononi huwa amekwisha.

Yeye mwenyewe alichunguliwa, tena na mwalimu aliyetuzidi wote. Alipopokea urais mwaka 1985, Mwalimu Nyerere alibaki mwenyekiti wa CCM hadi mwaka 1990, katika zama ambazo chama ndicho kilichoshika hatamu. Hebu fikiria miaka mitano ya kufundisha huku mwalimu mkuu wa zamani ameketi dawati la nyuma, akiwa na haki ya kunyoosha mkono wakati wowote. Hata baada ya kung'atuka chamani na kurudi Butiama, Mwalimu hakunyamaza. Mwaka 1995 alizungumza hadharani juu ya rushwa na kupotoka kwa uongozi kwa maneno makali ambayo kila mtu alijua yanamwangukia nani. Sisemi kwamba alikosea. Nadhani mengi aliyoyasema yalikuwa kweli, na nchi ilihitaji kuyasikia. Lakini mtu aliyekuwa Ikulu wakati huo alikuwa Mzee Mwinyi, na jibu lake kwa wote waliompima kwa kipimo cha mtangulizi wake lilikuwa kwamba Mwalimu ni Mlima Kilimanjaro na yeye ni kichuguu. Tulicheka. Nilipokuwa msichana niliuona huo kuwa ni unyonge, na nikasema hivyo mbele ya marehemu baba yangu, ambaye aliniambia nisubiri hadi na mimi nikalie kiti kilichoachwa na mtu mkubwa.

Dhana yangu, na ni dhana tu, ni kwamba miaka ile ndiyo iliyomfundisha namna ya kustaafu. Alipomwachia Benjamin Mkapa nchi, na mwaka uliofuata akamwachia na uenyekiti wa chama, alitoka kweli. Mkapa hakuwa amekaa hata miezi mitatu alipounda tume chini ya Jaji Joseph Warioba kuchunguza rushwa, na ripoti ya tume hiyo, hata bila kumtaja mzee kwa ubaya, ilikuwa inasoma daftari la muongo wake. Sikumbuki kumsikia akipanda jukwaani kujitetea. Alikuwa na kauli aliyoipenda, kwamba kila zama na kitabu chake, na watu waliichukulia kama tamko la mlangoni, la kumruhusu kila mtu apite. Mimi sasa naisikia vingine. Anayeamini kwamba kitabu chake kimefungwa haruhusiwi kuandika pembezoni mwa kitabu cha mwenzake.

Tukio moja ninalirudia mara kwa mara. Tarehe 10 Machi 2009, katika Baraza la Maulid kwenye ukumbi wa Diamond Jubilee jijini Dar es Salaam, mzee wa miaka 83 alikuwa akihutubia, akafika kwenye suala la UKIMWI na kinga, na kijana mmoja akapanda jukwaani akamzaba kibao. Nchi nzima ilishtuka. Kwa desturi zetu kumpiga mzee ni jambo ambalo hata maneno ya kulisimulia hayapatikani kwa urahisi, sembuse mzee aliyekuwa mkuu wa nchi, sembuse siku ya Maulid. Kijana alikamatwa, na mzee akaendelea na hotuba yake. Niliposikia habari ile nilikuwa katika chumba cha walimu, na mabishano yakawa juu ya walinzi: walikuwa wapi, kwa nini hawakumzuia. Hakuna aliyeuliza kwa nini mstaafu wa miaka 13, ambaye angeweza kwenda kwenye Maulid, akala pilau yake na kurudi nyumbani, alichagua kusimama mbele ya waumini na kusema jambo ambalo alijua litawaudhi baadhi yao. Huo haukuwa unyonge. Hakuwa akimchungulia mtu yeyote dirishani. Alikuwa akisema alichokiona kuwa kinaua watoto wa watu.

Nisimfanye malaika, hata hivyo. Ukimya wake ulikuwa na upande wake wa pili, nao ni kwamba alipofungua kinywa kuhusu waliokuwa madarakani, mara nyingi ilikuwa kuwasifu. Mwaka 2017 alisema hadharani kwamba, isingekuwa Katiba, angependekeza John Magufuli awe rais wa siku zote. Nilikasirika sana siku ile. Mtu aliyeipisha katiba ya nchi yake, aliyeusimamia mwaka 1992 ukarudi mfumo wa vyama vingi, alikuwa miongoni mwa watu wachache mno ambao neno lao lingeweza kutukumbusha kwa nini kiongozi huondoka, na badala yake akatia mbolea katika shamba ambalo wengine walikwisha kuanza kulilima. Najua watetezi wake husema alitaja Katiba kwa makusudi, kwamba ile "isingekuwa" ndiyo iliyobeba uzito wote wa sentensi. Huenda. Mwalimu wa lugha ndani yangu anakubali, raia ndani yangu hajaridhika hadi leo.

Aliwazika warithi wake wawili. Mkapa alifariki Julai 2020, Magufuli Machi 2021, na mzee aliyewatangulia wote wawili akabaki. Katikati ya misiba hiyo, tarehe 2 Novemba 2020, mwanawe Hussein aliapishwa kuwa Rais wa Zanzibar, kiti ambacho baba mwenyewe alikikalia mwaka 1984 baada ya Aboud Jumbe kujiuzulu. Jumbe naye ni somo la pekee: aliondoka akiwa amesukumwa, akaenda kuishi Mjimwema, Kigamboni, na akakaa huko zaidi ya miaka thelathini hadi alipofariki Agosti 2016. Ukimya wa Jumbe na ukimya wa Mwinyi, ukivitazama kutoka barabarani, vinafanana kama nyumba mbili zilizopakwa chokaa. Ndani havifanani hata kidogo, kwa kuwa mmoja aliingia humo kwa mlango ulioshikiliwa na wengine.

Siku alipotimiza miaka 96, yaani tarehe 8 Mei 2021, kitabu cha maisha yake kilizinduliwa Dar es Salaam, na Rais Samia Suluhu Hassan akamzawadia gari aina ya Mercedes Benz. Mitandaoni watu walilijadili gari kuliko kitabu. Nilichokitunza mimi kutoka siku zile ni yale maneno yake mengine mashuhuri, kwamba mwanadamu mwisho wake ni hadithi, basi na ajitahidi kuwa hadithi nzuri kwa watakaomsimulia. Kwa mtu aliyengoja miaka 25 na zaidi baada ya kuondoka Ikulu ndipo aisimulie yake, si maneno ya kupamba hotuba. Alikuwa amewapa wengine nafasi ya kutangulia kusema, wazuri na wabaya.

Walimzika Mangapwani tarehe 2 Machi 2024, kijiji alikowahi kusoma na kufundisha. Binti yangu anayefanya kazi Unguja ameniahidi kunipeleka likizo ya Juni, na mimi nimemwambia nitapenda kwanza kuiona shule, ndipo twende kaburini.

Juzi mrithi wangu alimtuma mtoto wa darasa la sita kuja kuniuliza ufunguo wa kabati la vifaa vya mtihani ni upi kati ya ile mitatu. Nilimwambia ni ule wenye uzi mwekundu. Mtoto akasimama kidogo, akaniambia kwamba siku hizi gwaride la asubuhi halipo, akanitazama usoni kuona nitasema nini, nami nikamuuliza kama mama yake amepona.

Kengele imegongwa tena sasa hivi, ya mapumziko, na imechelewa kwa dakika saba. Nimeitazama saa, nikachukua kikombe changu nikaingia ndani.