Dawati la Soko Begani: Nakuru, Kisumu, Khayega

Matatu za Kisumu hutoka Nakuru zikijaa; saa haziangalii. Soko nalo halimsubiri abiria. Soko la Hisa la Nairobi hufunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa tisa alasiri. Mwezi wa Mei London huanza saa nne yetu, na New York saa kumi na nusu jioni. Sisi hatugeuzi saa zetu, wao hugeuza zao, kwa hiyo mwisho wa mwaka London na New York husogea mbele kwa saa nzima. Safari ya kumwona shangazi Khayega niliipanga nikifuata ratiba hiyo: barabarani alfajiri, Kisumu kabla London haijafunguka, na Khayega kesho yake.

Biashara yangu ni ya sarafu, hasa yuro na dola, pamoja na hisa chache za hapa nyumbani. Nilipofika kwenye gari makanga alinyoosha mkono. "Madam, hiyo begi niweke nyuma?"

"Hapana, ndugu yangu, nitaipakata."

Ndani mlikuwa na kipakatalishi cha inchi 14, skrini ya pili nyembamba ya inchi 15.6 inayotumia kebo moja tu, rauta ndogo yenye betri, laini za kampuni mbili tofauti, pawabenki ya mAh 27,000, chaja ya wati 65 na kebo ya akiba. Daftari pia, maana namba za dharura za kufungulia akaunti nimeziandika kwa kalamu. Namba za kuingilia sizipokei kwa ujumbe mfupi hata siku moja. Wizi wa laini za simu tunaujua vizuri nchini humu, na anayeiteka laini yako hupokea yeye ujumbe wa benki na wa dalali. Mimi natumia programu inayozizalisha ndani ya simu yenyewe, na diski ya kompyuta nimeifunga kwa nenosiri ili mwizi abaki na chuma tu.

Salgaa tulitambaa nyuma ya malori. Mau Summit tukakata kushoto, ukungu ukatuingilia madirishani, na kuelekea Londiani mtandao ukaanza kuja na kuondoka. Garini siifungui kompyuta. Natazama simu, tena kwa nadra. Nilikuwa nimenunua yuro tangu jana yake, na nilichotegemea katika ukungu ule ni amri zilizokwisha kuandikwa.

Hapa ndipo nawaomba wasomaji mnaofanya kazi hii mtulie kidogo. Stoplosi, ile amri ya kukufungia biashara hasara ikifika kiwango ulichoweka, hukaa kwenye seva ya dalali. Simu izime, gari liingie msituni, amri bado ipo. Lakini ile stoplosi inayotembea, inayofuata bei hatua kwa hatua, kwenye MetaTrader, ile programu ya kununulia na kuuzia sarafu, hufanya kazi ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Ukiifunga kompyuta, au mtandao ukikatika, inasimama pale ilipofika na haifuati tena kitu. Watu wengi huiweka, wakafunga kifuniko na kupanda gari wakiamini wamelindwa. Anayeitaka akiwa njiani akodi kompyuta ya mbali, kama zile za London zinazowaka usiku na mchana, aiachie programu huko. Mimi hufanya hivyo nikiwa na safari ndefu. Kwa safari fupi naweka stoplosi ya kawaida na kupunguza kiasi.

Na kupunguza kiasi ni sehemu ya vifaa vya safari, kama chaja. Tarehe 15 Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi iliacha ghafla kukilinda kiwango cha faranga 1.20 kwa yuro. Bei ikaporomoka, na amri nyingi za kukata hasara zikatekelezwa mbali sana na pale zilipowekwa, kwa kuwa katikati hapakuwa na mnunuzi. Stoplosi haikuahidi bei. Inaahidi kujaribu.

Kericho tulipita majani ya chai yakiwa bado na maji, kisha tukateremka Awasi na Ahero, joto likipanda kila kilomita. Kisumu iko mita 1,131 juu ya bahari, chini sana kuliko Nakuru, na kompyuta huijua tofauti hiyo kabla yako: feni yake huanza kuvuma. Chumba nilichokodi Milimani kilikuwa na meza karibu na dirisha. Niliivuta mpaka kivulini, nikainua kipakatalishi juu ya vitabu viwili ili hewa ipite chini, skrini ya pili nikaiweka kando. Veranda ilinivutia, kwa kweli, lakini skrini hizi nyembamba hazina mwanga wa kushindana na jua la ziwani.

Anayetaka kununua skrini ya namna hiyo akague kompyuta yake kwanza. Si kila tundu la USB-C linapitisha picha. Mengine ni ya kuchajia na kuhamishia faili tu, na tundu likiwa la aina hiyo utahitaji kebo ya HDMI na waya mwingine wa umeme. Jambo la pili ni Windows. Ukiunganisha kwa rauta, iambie kwamba mtandao huo ni wa kulipia kwa kipimo. Chati za bei hula bando kidogo mno. Masasisho ndiyo humaliza bando zima kabla ya chakula cha mchana.

London ilipofunguka nilikuwa tayari. Sikufanya mengi. Nilisogeza stoplosi ya yuro hadi bei niliyonunulia, nikaweka amri ya kununua hisa za KenGen kwa bei niliyoitaka na si zaidi, kisha nikaenda Dunga. "Karibu dada," mama mmoja aliniita kutoka kwenye moshi, "ngege wa mchuzi ama wa kukaanga?" Nilikula samaki huyo wa kukaanga kwa ugali na sukuma, bila haraka, nikitazama mashua. Saa tisa soko la Nairobi lilifungwa nikiwa bado nanawa mikono.

Jioni stima ikapotea mtaa mzima. Kinachofuata huwa kilekile: waliokuwa kwenye waifai ya nyumbani wote wanahamia bando za simu kwa pamoja, na mnara unaelemewa. Laini yangu ya kwanza ikawa ya konokono. Rauta nikaihamishia ya pili, ya kampuni nyingine, na bei zikarudi kutiririka. Laini mbili za kampuni moja hazikusaidii kitu hapo, kwani zote zinaning'inia mnara uleule.

Kesho yake nilipanda Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali, katikati ya yale mawe makubwa ya Maragoli, nikashuka Khayega kabla ya adhuhuri. Shangazi alikuwa ameshachinja kuku. Binamu yangu alinipisha meza yake ya kusomea.

Siku ile takwimu za bei za bidhaa Marekani zilikuwa zitoke saa tisa na nusu. Na kila mtu wa magharibi anajua Mei ilivyo: asubuhi jua, alasiri mbingu zinafunguka. Ukanda huu unaozunguka ziwa ni kati ya mahali penye radi nyingi zaidi duniani, na radi zake huja saa zilezile Marekani wanapoamka kazini. Kwa mfanyabiashara wa soko hakuna jambo kubwa kuliko hilo katika eneo hili, na skrini ya pili haikusaidii nalo.

Ngurumo ya kwanza ilisikika kabla ya saa tisa. Shangazi alikuwa ameshakifunika kioo cha sebuleni kwa leso. "Mwanangu, chomoa hivyo vyuma vyako."

"Ndiyo, shangazi, nachomoa."

Nikachomoa kila kitu ukutani. Soketi za kuzuia mshtuko wa umeme zina kazi yake, ila radi ikipiga waya ulio karibu na nyumba hazitoshi. Salama ni kutokuwa na kitu kilichochomekwa. Kwa hiyo pawabenki naibeba kwa ajili ya mvua kuliko kwa ajili ya giza. Hesabu yake ni hii: mAh 27,000 ni kama wati-saa 100, na baada ya zinazopotea njiani hubaki 85 hivi. Kipakatalishi changu nikitazama chati hula wati 15, skrini 8, rauta 4. Jumla 27. Hizo ni saa tatu, na betri ya kompyuta yenyewe inaongeza karibu mbili. Zinatosha kuanzia ngurumo ya kwanza hadi chakula cha jioni.

Biashara ya yuro niliifunga dakika kumi kabla ya takwimu kutoka. Ilikuwa na faida ndogo na ingeweza kuongezeka, lakini siingii kwenye takwimu kubwa nikiwa na mtandao wa mvua. Takwimu zilipotoka bei iliruka juu, ikashuka chini ya ilipoanzia, mabati yakipigwa mpaka hatusikilizani. New York ilifunguka, nikaangalia kwa muda, nikaona hakuna ninachokitaka, nikafunga kifuniko.

Binamu alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Anamaliza chuo na anataka kuanza. "Dada, ninunue nini kwanza? Hiyo skrini?"

Nilimwambia laini ya pili, kisha pawabenki, kisha chaja inayofaa. Skrini ije mwisho, akishakaa miezi kadhaa kwenye akaunti ya majaribio na kompyuta moja. Dalali wa sarafu amtafute kati ya wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, asimfuate anayemtumia ujumbe WhatsApp. Aliandika yote. Kisha akauliza kama soko la Nairobi lingemfaa kuanzia, nami nikamwambia ndiyo, afungue akaunti ya CDS, ile inayotunza hisa zako, kabla ya kununua kifaa chochote, maana Khayega soko hilo linafungwa mara nyingi kabla ya mvua.