Modeli ya ofisi ya Uhindini: imekubali, shukrani kwa kaunta buku la getini

Imekubali! Modeli ya kompyuta inayokadiria umeme wa ofisi moja hapa Uhindini, Dodoma, sasa inalingana na umeme uliotumika kweli. CVRMSE ya mwezi kwa mwezi (kipimo cha modeli inavyokosea kila mwezi) imeshuka mpaka asilimia 12.4, na NMBE (kosa la jumla, ziada na pungufu zikishafutana) iko asilimia 2. Mwongozo wa 14 wa ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa viyoyozi na majengo, unataka zisizidi 15 na 5, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu Februari nina modeli ya msingi (ya jengo lilivyo kabla ya kulirekebisha) ninayoweza kuisimamia mbele ya mwenye jengo.

Jengo lenyewe: la chini lisilo na ghorofa, tofali za saruji, bati, dari ya jipsamu, viyoyozi sita. Umbo, kuta na ratiba ya watu niliviingiza kwenye EnergyPlus, programu ya kukokotoa nishati ya jengo, ndani ya wiki. Kilichonitesa miezi mitatu ni umeme wenyewe.

Data niliitoa kwenye meseji za LUKU, umeme wa kulipia kabla. Shilingi niliziacha makusudi, maana tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo, na mwezi usiponunua deni linakusubiri. Ukigawa hela kwa bei ya yuniti unapata uongo. Nikachukua yuniti tupu. Julai 2,400. Agosti sifuri. Septemba 250. Oktoba 2,600. Ofisi inanunua fungu la fedha likiingia. Nikazisambaza kwa wastani kati ya manunuzi na manunuzi, nikaona nimemaliza. CVRMSE ikagoma kwenye 38.

NMBE ndiyo iliyonipoteza. Tangu siku ya kwanza ilikuwa asilimia 3, kwa sababu ziada ya mwezi huu inafuta pungufu ya mwezi ule. Nikaamini data ni safi na kosa liko kwenye modeli, nikaanza kuiminya. Viyoyozi nikavishusha kutoka nyuzi 24 mpaka 21. Hewa inayopenya madirishani nikaiongeza mpaka ofisi ikawa kama banda la kuku. CVRMSE ikafika 27, roho ikanisuta, nikafuta yote. Ukigeuza vitu usivyovipima ili namba zikubali, siku ukiweka dari mpya humo unahesabu akiba ambayo haipo, na mwenye jengo ndiye atakayetoa hela.

Jumatano nilikwenda kusoma mita. Mzee wa getini akaniuliza, "Mwanangu, hivi kila siku unatafuta namba gani hapo?" Nikamweleza. Akaingia kibandani, akatoka na kaunta buku lenye mgongo uliofungwa kwa selotepu. Aliwahi kuulizwa yuniti zimekwenda wapi, kwa sauti ambayo hajaisahau. Tangu hapo, kila Jumatatu asubuhi, na kila kabla ya kuingiza tokeni, anaandika salio la mita. Kalamu ya bluu, mstari kwa mstari, miezi kumi na sita. "18/8, saa 2 asubuhi, zimebaki 1,338." Nilimshika mkono kwa mikono yote miwili.

Hesabu ikawa rahisi: salio la nyuma, jumlisha tokeni, toa salio la sasa. Julai 690, Agosti 740, Septemba 905, Oktoba 1,180. Matumizi yanapanda na joto, kama modeli ilivyokuwa ikiniambia muda wote nami sisikii. Dodoma tuko nyuzi 6 kusini, jua linapita utosini mwanzoni mwa Oktoba, na mvua za Desemba bado ziko mbali. Bati linapokea karibu mzigo wote. Kipimajoto nilichoning'iniza juu ya dari kiliwahi kusoma nyuzi 53 saa 9 alasiri, huku chini watu wanalalamikia dirisha!

Faili la hali ya hewa la mwaka wa kawaida nalo nimeliondoa. Modeli ya msingi inataka joto la mwaka ule ule uliotumika umeme ule ule.

Kuhusu programu: EnergyPlus ni ya bure na sioni ya kuiacha, lakini jengo lijalo naanza na Excel. Yuniti kwa siku upande mmoja, wastani wa joto la nje upande mwingine. Ningechora nukta hizo Februari, ningeona zimetawanyika ovyo kabla sijagusa ukuta hata mmoja.

Wiki hii nilipanga kujaribu rangi nyeupe juu ya bati ndani ya modeli. Nimeiweka pembeni. Kwenye kaunta buku kuna wiki zilizokula yuniti kama 30 za ziada bila joto kubadilika, na pembeni mzee ameandika neno moja: "maji". Zamu ya mgao ikifika, pampu inajaza simtanki usiku kucha. Ni ya kilowati moja na nusu. Usiku tatu, kwa muda wa saa saba kila usiku, zinatosha kabisa kufikisha hizo 30. Modeli yangu haina pampu.

Klampu mita, ya kupima umeme unaopita kwenye waya wa pampu, nimeshaazima kwa fundi wa Chang'ombe. Zamu ni kesho kutwa, na mzee ameahidi kunipigia maji yakianza kutoka.