Jedwali kwanza, skrini baadaye

Zana za msimbo mchache, yaani za kujenga programu bila kuandika msimbo mwingi, zina kishawishi chake. Ukifungua tu, unakutana na skrini tupu na vitufe vya kuburuta, na mkono unaanza kazi kabla kichwa hakijaamua chochote. Jioni fomu inapendeza, lakini data yake itakaa wapi, hakuna ajuaye.

Kila nikilitafakari jambo hili narudi palepale: anza na majedwali. Kalamu na karatasi zinatosha. Andika vitu ambavyo watumiaji wenyewe huvitaja: ombi, mwombaji, idara, idhini. Halafu uliza, ombi moja hupita idhini ngapi? Zikiwa tatu, usitengeneze Idhini1, Idhini2 na Idhini3 ndani ya jedwali la maombi. Siku ikiongezwa ya nne, utalazimika kugusa fomu, ripoti na mtiririko wa kazi kwa mpigo. Idhini ipewe jedwali lake.

Majina ya safu nayo yanataka utulivu. Katika orodha ya SharePoint, huduma ya Microsoft ya kuhifadhi data na faili, safu ukiiita "Tarehe ya Ombi" wakati wa kuiunda, jina lake la ndani, lile ambalo fomula hulitumia, linaweza kuwa Tarehe_x0020_ya_x0020_Ombi, na litabaki hivyo hata ukibadilisha jina linaloonekana. Iunde kama TareheOmbi, kisha ndipo ulipambe jina la kuonyesha. Kwenye kamusi ya data, yaani orodha inayoeleza kila safu, andika majina yote mawili, pamoja na aina ya data, kama ni lazima kujazwa, na nani anaijaza.

Kisha piga hesabu ya rekodi. Hapa ndipo miradi mingi huumia, na huumia kimyakimya. Maombi 20 kwa siku, siku 250 za kazi, ni rekodi 5,000 kwa mwaka. Katika Power Apps, zana ya Microsoft ya kujengea skrini na fomu, fomula ambayo chanzo cha data hakiwezi kuitekeleza chenyewe huchukua rekodi 500 za kwanza tu, au 2,000 ukipandisha kikomo hadi mwisho, halafu inachuja hizo hizo. Mtumiaji haoni kosa lolote. Anaona ombi lake halipo. Wakati wa majaribio kulikuwa na rekodi 40, kwa hiyo kila kitu kilikwenda sawa. Dawa yake ni kushusha kikomo hicho hadi 1 wakati wa kujenga: fomula mbovu itajifichua papo hapo. Kwa orodha ya SharePoint, fomula ya kutafuta iitwayo Search itakuangusha, kwa kuwa SharePoint haiwezi kuitekeleza yenyewe. StartsWith (inayolinganisha mwanzo wa neno) ndani ya Filter (inayochuja rekodi) itakubeba. Na safu utakazochujia ziwekee faharasa (index) mapema, kwa sababu SharePoint ina kizingiti chake cha rekodi 5,000 kwa utafutaji mmoja, na mwaka mmoja tu umeshakifikia.

Kwa mitiririko ya Power Automate, zana ya kuendesha kazi zenyewe kama kutuma arifa, mistari minne ya maelezo kwa kila mmoja inatosha: unaanzishwa na nini, unagusa majedwali gani, unatumia muunganisho wa akaunti ya nani, ukishindwa nani anajulishwa. Huo wa tatu usiuruke kamwe. Mwenye akaunti akiondoka, muunganisho wake hufa, na mtiririko husimama. Historia ya uendeshaji hukaa siku 28 tu, hivyo makosa yaandikie jedwali lake.

Katika nyaraka za mradi, picha za skrini sizipi uzito. Zinachakaa kila kitufe kinapohamishwa. Kinachodumu ni sababu ya kila uamuzi. Andika hivi:

Uamuzi: ombi lililoidhinishwa halihaririwi.
Sababu: kiasi kilichoidhinishwa ndicho kinacholipwa.
Aliyekubali: mkuu wa fedha.
Mahali: ruhusa za rekodi kwenye orodha, DisplayMode ya fomu.

Mstari wa mwisho ndio wenye kazi kubwa. Ukiandika DisplayMode (mpangilio unaoamua kama fomu inaweza kuhaririwa au kutazamwa tu) peke yake, umefunga skrini, hujafunga data. Mwenye ruhusa ya kuhariri ataifungua orodha moja kwa moja kwenye kivinjari na kubadilisha kiasi, na programu yako haitajua.