Mikindani asubuhi, Msangamkuu mchana, kwa baiskeli

Watu watatu waliniambia haiwezekani kutoka Mtwara mjini kwa baiskeli, kufika Mikindani na kisha ufukwe wa Msangamkuu, yote siku moja. Wa nne akanipa ushauri, na huyo ndiye aliyenitesa kuliko wote. Alisema: jaza tairi mpaka zigonge kama ngoma, kunywa chai yako vizuri, ondoka saa nne jua likishakausha umande. Nikamwamini kwa sababu amezaliwa Mtwara na anaendesha baiskeli tangu utoto.

Hiyo ilikuwa Julai. Tulikuwa wawili, mimi na mpwa wangu wa miaka 14, kila mmoja na baiskeli ya Phoenix ya kukodi isiyo na gia. Kwenda Mikindani ni kilomita kama 10 na tulizimaliza bila jasho, nikadhani ni nguvu za miguu yangu. Kumbe upepo wa kusi ulikuwa unatusukuma mgongoni. Tulipogeuza saa saba kurudi mjini, upepo ule ule ukatupiga kifuani. Unakanyaga pedeli, baiskeli inasimama. Kwenye kila kilima tulishuka tukasukuma, maji yakaisha njiani, na kijana akaacha kabisa kuongea, jambo ambalo si kawaida yake.

Na bado nikang'ang'ania Msangamkuu. Tukavuka na kivuko, tukafika ufukwe wa upande wa bahari kwenye saa kumi, maji yamejaa hadi karibu na minazi. Kilichobaki ni ukanda wa mchanga mkavu, mwepesi kama unga. Msanga mkuu, yaani mchanga mkuu, jina lenyewe lilishaniambia na sikulisikia. Tairi zilizojaa upepo zilikata mchanga kama kisu zikazama, na tulizikokota baiskeli mpaka mikono ikatetemeka.

Chini ya mnazi alikuwepo mzee anashona jarife, wavu wa kuvulia samaki wakubwa. Nikamwamkia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mmezileta baiskeli zije kuoga?"

Nikamweleza. Akaangalia maji, akaangalia tairi, akabonyeza moja kwa kidole gumba.

"Umekuja saa ya maji. Njoo siku ya mwezi mpevu, saa nne asubuhi. Utapita hapa kama kwenye lami. Na hii tairi uipunguze upepo, ngumu mno."

Maneno hayo machache yalinifaa kuliko yote niliyoambiwa mjini. Nyumbani nilikaa nikapanga upya. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji huku kwetu hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi na kujaa saa kumi jioni, na kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50. Kusi nayo alfajiri huwa imetulia, inaanza kuvuma kwa nguvu jua likipanda. Kwa hiyo barabara ya lami ni ya alfajiri, na mchanga ni wa saa nne. Ukibadilisha mpangilio, yatakupata yaliyotupata.

Basi Agosti, siku ya mwezi mpevu, tulitoka saa kumi na mbili kasoro. Barabarani kulikuwa na harufu mbili ambazo mtu wa Mtwara hazimpotei: maua ya mikorosho, na salfa waliyopuliza wakulima kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho. Kwenye mikorosho iliyo kando ya barabara majani yalikuwa na vumbi la njano, ukiyagusa linabaki kwenye vidole.

Mikindani usipite haraka. Baiskeli zisukumwe tu kwenye vichochoro, kwa sababu ukiwa juu ya tandiko huwezi kuona milango iliyochongwa wala mawe ya matumbawe yanayochungulia pale plasta ilipobanduka. Kuna nyumba yenye kibao cha David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, ambaye mwaka 1866 alianzia safari yake ya mwisho hapa. Mpwa wangu aliuliza swali ambalo sikulitegemea: wale waliobeba mizigo yake, vibao vyao viko wapi? Sikuwa na jibu, na swali lile bado ninalo. Mji huu umepitisha misafara ya watumwa na pembe za ndovu kutoka upande wa Ziwa Nyasa, kwa hiyo swali lake lina uzito. Juu mlimani kuna boma jeupe walilojenga Wajerumani mwaka 1895, siku hizi ni hoteli. Pandeni, ghuba yote ya Mikindani mtaiona chini yenu, na mibuyu, na mikoko, na ngalawa.

Saa mbili tukageuza. Upepo ulikuwa bado unapepea tu. Saa tatu na nusu tuko kivukoni, nauli ni ndogo, na baiskeli wanaitoza kidogo juu yake.

Msangamkuu nilisimama kwanza, nikalegeza valvu na kuachia upepo mpaka kidole gumba kikazama kidogo kama kwenye embe lililoanza kuiva. Kisha tukashuka kwenye mchanga uliolowa. Jamani! Tairi hazikuacha alama zaidi ya mstari mwembamba. Kijana alitangulia akipiga kelele, "Mjomba, angalia, bila mikono!" Mbali kwenye mwamba kina mama walikuwa wanachokoa pweza, wameinama, vijiti mkononi, na mmoja alinyanyua pweza wake juu kutuonyesha. Tulimnunua yule yule baadaye, kwa bei aliyotaja yeye, sikuipunguza.

Pampu usiisahau, bila hiyo utarudi mjini unasukuma. Na ukae kwenye mchanga mgumu ulio mbali na maji, usipite ndani ya mawimbi hata yakikuvutia. Chumvi inakula cheni usiku mmoja. Sisi tulipofika Magomeni ya Mtwara mjini saa nane tulizimwagia maji baridi ya kisima, tukakausha cheni na kitambaa, tukatia mafuta ya cherehani. Mwenye baiskeli alipokuja kuzichukua alizungusha pedeli, akasikiliza, akanirudishia kitambulisho changu bila neno. Pweza alikuwa tayari jikoni, anachemka na tui.