Kutetea kiti cha wadi: daftari la malalamiko, mitaro na Fomu 36A

Nilisimamia kampeni ya mwakilishi wadi, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, aliyekuwa akitetea kiti chake jijini Nairobi katika uchaguzi wa Agosti 9, 2022. Mgombea mpya anaweza kuishi kwa ahadi, lakini anayetetea kiti huulizwa ile taa ya pale stejini ilizimika lini na yeye alifanya nini. Kwa hiyo kazi yetu kubwa ilikuwa kuweka kumbukumbu, nayo ilianza karibu miaka miwili kabla ya bango la kwanza kubandikwa.

Sababu ni kalenda ya bajeti. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa ufike bunge la kaunti kufikia Septemba 1, makadirio ya bajeti yafuate kufikia Aprili 30, kisha mwaka wa fedha uanze Julai 1. Piga hesabu kurudi nyuma: mradi ambao wakazi wangeuona kabla ya Agosti 2022 ulipaswa kuwa katika mpango wa Septemba 2020, ndipo uingie bajeti ya 2021/22. Barabara iliyoombwa mwishoni mwa 2021 ilikuwa ya baada ya kura, na tuliwaambia wenyewe hivyo. Viti vingi hupotea hapa, mheshimiwa akiahidi mwezi wa Februari kitu ambacho hakimo katika kitabu cha bajeti.

Daftari lilikuwa kaunta buku la kawaida, moja kwa kila mtaa. Safu zake: tarehe, ploti (jengo la wapangaji), lalamiko, anayehusika, tarehe ya jibu. Tuliandika ploti kwanza, kwa sababu mpangaji huhama na ploti inabaki, na keateka wake, yule mtunza jengo, anajua historia yote. Taa tuliiandika kwa namba iliyopakwa kwenye nguzo. Fundi akielekezwa "karibu na kwa Mama Mboga" atazunguka, akose, arudi bila kupanda ngazi.

Safu ya anayehusika ndiyo iliyotuokoa. Taa za barabarani, mitaro ya mvua, taka, masoko, zahanati na chekechea ni kazi ya kaunti. Polisi, vitambulisho, shule za msingi na za upili ni za serikali kuu. Lalamiko lisilo letu tulilipeleka kwa barua kwenye ofisi husika, na nakala yenye mhuri wa kupokelewa ikarudi kwa aliyelileta. Ukimjibu mtu kwamba hiyo si kazi yako, bila karatasi mkononi, umepoteza ploti nzima.

Nikiulizwa ni suala gani moja lililobeba uzito, nitasema mitaro. Mvua ndefu huanza Machi, fupi Oktoba, na maji yakiingia nyumba za chini hakuna hotuba itakayoyatoa. Mtaro uzibuliwe wiki mbili au tatu kabla ya msimu. Uanzie chini, kwenye mdomo unaomwaga mtoni, kisha upande juu. Ukianzia juu, tope lote linateremka na kuziba kalvati, na mtaa wa chini unafurika zaidi ya mwaka uliopita. Kosa la pili ni kulundika tope ukingoni. Linakauka, linaonekana kama udongo wa kawaida, halafu mvua ya kwanza inalirudisha lote ndani pamoja na chupa na mifuko. Kundi letu la vijana 12 liligawanywa: saba kwenye sepetu, watano kwenye mikokoteni miwili, na hakuna aliyefungua mita nyingine 10 kabla tope la nyuma halijaondoka. Kazi hii ifanywe ndani ya muhula. Kipindi cha kampeni kilipofunguliwa Mei 29, hatukugusa gari wala kifaa cha kaunti, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inakataza kutumia mali ya umma kujipigia debe.

Sheria hiyo hiyo inakataza kununua kura. Watu wataitisha pesa, tena waziwazi. Sisi tulifika kwenye ploti na daftari, tukafungua ukurasa wa ploti hiyo na kusoma kila lalamiko, hata yale yaliyoshindikana. Mikutano mikubwa tulifanya miwili tu. Iliyobaki ilikuwa ya uani, watu 20 hadi 30, Jumamosi na Jumapili, maana kampeni hufungwa saa kumi na mbili jioni na siku za kazi wapangaji huwa bado barabarani.

Siku ya kura tegemeo ni mawakala. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, hivyo wadi ya jiji inaweza kuwa na vituo 40 na zaidi. Hapa pana mtego kwa mgombea wa chama: chama huteua wakala mmoja wa wagombea wake wote katika kituo. Kura za rais huhesabiwa kwanza, na wakala aliyeamka saa tisa usiku akishapata matokeo ya rais anataka kwenda kulala. Patana mapema na ofisi ya chama upate majina, ukutane nao, uwapangie chakula, chaji ya simu na mtu wa kuwafikia usiku. Mgombea huru huteua wake mwenyewe.

Wakala abaki mpaka Fomu 36A, ambayo ndiyo ya matokeo ya kituo kwa kura za mwakilishi wadi, ijazwe na kutiwa saini. Kabla ya kusaini ajumlishe mwenyewe kura za kila mgombea alinganishe na jumla ya kura halali, kisha aongeze zilizokataliwa aone kama zinakaribiana na idadi ya waliotambuliwa na KIEMS, mashine ya kutambua wapiga kura kituoni. Makosa tuliyoyakuta yalikuwa ya uchovu: tarakimu zilizopishana, kura za mmoja kwenye mstari wa mwenzake. Kasoro ikiwepo, aiandike kwenye nafasi ya maoni. Kukataa kusaini hakubatilishi matokeo. Picha ya fomu ipigwe ikiwa imelazwa mezani, pembe zote nne zionekane, ikisomeka hadi jina la kituo, itumwe kabla hajatoka mlangoni. Picha hizo ndizo utakazolinganisha na Fomu 36B ya wadi nzima. Zisipowiana, una siku 28 tangu matokeo kutangazwa kwenda mahakama ya hakimu, na dhamana ya shilingi 100,000.