Santuri ya Allman Brothers ilikuwa inaruka, jinsi nilivyotatua

Jamani hatimaye. Nakusanya santuri za Allman Brothers Band, bendi ya roki ya Marekani, na albamu yao At Fillmore East ya 1971, yenye santuri mbili, niliisaka mpaka nikaipata duka la mitumba huku Georgia, si mbali na Macon walikokuwa wanakaa wenyewe. Shida upande wa nne. Wimbo wa Whipping Post unakula upande mzima, dakika kama 23, na kila besi ikikaza sindano inaruka inarudi, inaruka inarudi, inauma maana hapo ndo gitaa la Duane Allman, mpiga gitaa wao, linaanza kupaa.

Nikaosha santuri mara mbili, wapi. Nikabadilisha sindano, wapi. Nikaweka sarafu juu ya kichwa cha mkono unaoshika sindano, ikatulia, ila msifanye hivyo, inakwangua mifereji.

Dawa ilikuwa kupima uzito wa sindano, yaani inavyoikandamiza santuri. Nikaweka antiskeiti (kile kinachozuia mkono usivutwe kuelekea katikati ya santuri) sifuri, nikasawazisha mkono mpaka ukaelea wenyewe, nikachukua mizani ndogo kama ya sonara. Ikasoma gramu 2, sawasawa na kitabu cha sindano, na bado inaruka! Kumbe mizani ilikuwa juu ya mkeka wa sahani ya kuchezea santuri, kwa hiyo sindano inakaa juu kuliko inavyokaa kwenye santuri, na kwa mkono wangu kimo kikizidi uzito unasomeka mkubwa. Nikatoa mkeka, mizani ikashuka mpaka kimo cha santuri, ikasoma 1.7. Nikazungusha kile kizito cha nyuma ya mkono kidogokidogo mpaka 2 kamili, nikarudisha antiskeiti.

Jana usiku upande wa nne umelia mwanzo mwisho, haujaruka hata mara moja.