Nilivyochagua mkataba wa kupangisha nyumba yangu ya Tabata

Nyumba ninayopangisha ni ndogo: vyumba viwili, sebule, jiko na choo cha ndani, na LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, yake peke yake. Mpangaji wa kwanza alikuwa mtoto wa jirani, tukakubaliana kwa mdomo. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaruhusu hilo kwa upangaji usiozidi mwaka. Alipohamishwa kikazi, dalali akaniletea watu nisiowajua kabisa, mume na mke vijana. Hapo nikataka maandishi.

Fomu nilizopata zilikuwa tatu. Ya steshenari ilikuwa ukurasa mmoja: majina, kiasi cha kodi, miezi, saini na mashahidi. Ya serikali ya mtaa haikupishana nayo sana, ila ina nafasi ya muhuri wa mwenyekiti, na mwenyekiti akishajua nani anaishi wapi, siku ya ugomvi hamuanzi na utambulisho. Ya tatu ilitoka kwa wakili, kurasa nyingi, Kiingereza kitupu. Nilihangaika nayo mwenyewe. Mpangaji wangu anauza vipuri vya pikipiki, angesaini kwa heshima tu. Na tangu 2021 sheria imeifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na mabaraza, basi Kiingereza kile kingemsaidia nani?

Nikaacha kuhesabu kurasa, nikaanza kuiuliza kila fomu maswali ya ugomvi ninaoujua mtaani. Mpangaji akihama na kuacha bili ya maji, nani analipa? Akimwingiza mtu mwingine chumba kimoja na kupokea kodi? Muda ukiisha naye bado yumo? Fomu ya steshenari ilinyamaza kwa yote. Ya wakili ilijibu karibu yote, ila haikuijua LUKU.

Na LUKU ndiyo yenye mambo. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa humo. Kwa nyumba ya kawaida sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo anakatwa yeye. Kwa mwaka ni 18,000. Si fedha ya kugombania, lakini watu wanaigombania, na mimi naona mpangaji ana haki. Nikaandika kwamba kiasi hicho kitapunguzwa kwenye kodi ya pango inayofuata.

Mwishowe nilichukua fomu ya serikali ya mtaa kama msingi, nikaambatanisha kurasa mbili za Kiswahili: maji, LUKU, amana na siku ya kuirudisha, marufuku ya kupangisha mtu mwingine, notisi ya mwezi mmoja kwa pande zote, na orodha ya vitu vilivyomo, kuanzia vitasa hadi sinki. Wakili nilimlipa asome tu na kurekebisha, ikawa nafuu kuliko kuandikiwa upya. Alisisitiza ushuru wa stempu kwa TRA, mamlaka ya mapato, asilimia 1 ya kodi ya pango ya mwaka, maana mkataba usiolipiwa haupokelewi kama ushahidi. Wenye nyumba wengi wanauruka, kisha wanashangaa wakifika Baraza la Ardhi na Nyumba.

Siku ya kusaini nilimwomba kijana asome kwa sauti. Mkewe ndiye aliyemkatisha: "Samahani mama, mbona hapa hapasemi wewe utaingia lini?"

"Kuingia wapi, mwanangu?"

"Ndani kwetu. Tulikotoka mwenye nyumba alikuwa na ufunguo wake, anaingia tu."

Tukaongeza kwa kalamu kwamba nitatoa taarifa siku moja kabla, isipokuwa bomba likipasuka au moto ukitokea, sote tukasaini pembeni. Sikukifurahia kifungu hicho. Mwaka uliofuata, tulipoandikiana upya, nilikichapa pamoja na vingine.